Ng'ombe Hawakuwa Wao

Mwaka 1883 makauboi waligoma. Ndio walewale wa kofia pana na buti za kisigino kirefu. Kando ya mto Canadian, kaskazini mwa Texas, watu 24 walitia sahihi karatasi moja: baada ya tarehe 31 Machi hakuna atakayefanya kazi kwa chini ya dola 50 kwa mwezi, mpishi hodari naye alipwe 50, na nyapara asipokee chini ya 75. Wakati huo kauboi wa kawaida alikuwa akipata kati ya dola 25 na 40. Majira waliyachagua kwa akili, maana ndipo ng'ombe hukusanywa kutoka nyikani na ndama kupigwa chapa. Haikusaidia. Wenye ranchi waliajiri watu wengine, waliogoma wakaimalizia akiba yao katika baa za mji wa Tascosa, na baada ya miezi kama miwili na nusu hakuna aliyeutaja mgomo tena.

Mimi ni mtu wa mifugo. Kazi yangu ni chanjo, josho na kupima mimba za ng'ombe wa watu huku kusini mwa Bonde la Ufa, na kuhusu makauboi nilijua kile wengi wetu tunachokijua, yaani nyimbo. Nyumbani, Jumapili baada ya kanisa, redio ilikuwa ya baba, na baba alikuwa mtu wa Jim Reeves. Mpaka leo ukipita Bomet, Nakuru au Nyeri wikendi hukosi baa inayopiga kantri tangu jioni hadi watu watawanyike. Filamu zilinifunza bastola, redio ikanifunza huzuni. Ng'ombe hakuna aliyenieleza habari zao, nami ndio niliotaka kuwasikia: walikula nini, waliugua nini, walikuwa wa nani.

Hilo la mwisho ndilo lililowachoma watu wa Tascosa, ingawa kwenye karatasi yao hawakuliandika. Zamani kidogo, bwana mwenye ng'ombe alimruhusu mfanyakazi wake kuchukua ndama badala ya sehemu ya mshahara, au kumtia chapa yake ndama aliyeonekana porini hana alama wala mama, na kuwalisha wake wachache pamoja na wa bosi. Kijana mwenye bidii aliweza kuanza na ndama wawili na kuzeeka akiwa na ranchi yake. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 yakaja makampuni, mtaji wake ukitoka miji ya mashariki ya Marekani na Uingereza, yakapiga marufuku mambo hayo yote. Tangu hapo ungeweza kuchunga miaka ishirini na usimiliki hata kwato moja.

Soma kanuni za ranchi ya XIT, iliyokuwa na ekari milioni 3. Jimbo la Texas liliitoa ardhi hiyo kwa wafanyabiashara wa Chicago ili nao walijengee jengo la bunge pale Austin. Kanuni zao za mwaka 1888 zilimkataza mfanyakazi kucheza kamari, kunywa pombe, kumiliki ng'ombe au farasi wa kuzalisha ndani ya ranchi, na kubeba bastola. Ndiyo, bastola. Basi huyo kauboi wa filamu angefukuzwa kazi siku ya kwanza.

Huku kwetu mchungaji wa kuajiriwa si tajiri, nisije nikadanganya. Hulala na baridi, na ng'ombe akipotea ni yeye anayeulizwa. Lakini ziko jamii za wafugaji ambazo hadi leo, mtu akichunga vizuri kwa muda mliokubaliana, mwisho wake ni mtamba. Wazee hawakuona huo kuwa ukarimu. Waliona kwamba mtu anayechunga mali asiyoitarajia kamwe hataamka usiku fisi akilia. Makampuni ya Texas yalidhani sheria na nyapara vingetosha, na sehemu kubwa ya wizi wa ng'ombe uliofuata, pamoja na vita vidogo vya chapa, ulitokana na hapo. Huo ni uamuzi wangu mimi, si wa mahakama.

Kazi yenyewe haikubuniwa na wazungu wa Marekani. Ng'ombe na farasi waliletwa na Wahispania, na waliokuja kuwa mabingwa wa kamba na tandiko ni Wameksiko. Mwaka 1854, Richard King, aliyekuwa ameanzisha ranchi kubwa kusini mwa Texas, alikwenda kununua mifugo katika kijiji cha Cruillas, Meksiko, kilichokuwa kimepigwa na ukame. Aliponunua ng'ombe, wenyeji walibaki bila kazi, basi akawaalika waje nao. Wakahama, na wajukuu wa wajukuu wao waliendelea kuifanyia kazi ranchi ileile.

Halafu kuna Weusi. Kabla ya mwaka 1865, katika maeneo ya ng'ombe ya Texas, aliyekuwa akipanda farasi na kufukuza ndama mara nyingi alikuwa mtumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowachukua mabwana, ng'ombe wote waliachiwa yeye. Uhuru ulipokuja alikuwa na ufundi ambao wengi hawakuwa nao. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Bose Ikard alizaliwa mtumwa Mississippi, akaja kuwa mtu wa kuaminiwa kuliko wote na Charles Goodnight, mmoja wa wafugaji wakubwa wa enzi hiyo; hata fedha za mauzo, njiani kurudi, Goodnight alimpa Ikard azibebe. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight, mzee wa zaidi ya miaka tisini, alimwekea jiwe kaburini lenye maneno ya sifa. Ni jiwe zuri. Nimejiuliza kwa nini katika miaka yote ile halikuwa kundi la ng'ombe.

Sasa safari. Vita vilipokwisha Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wa pembe ndefu ambao bei yao pale haikuzidi dola 4 hivi, na kaskazini, ambako reli ilikuwa imefika na miji ilikuwa na njaa ya nyama, ng'ombe huyohuyo aliweza kuuzwa dola 40. Mwaka 1867 Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya reli pale Abilene, Kansas, na kazi ya kauboi ikawa kuwatembeza ng'ombe hadi huko kwa miezi miwili, mitatu. Kundi la 2,000 hadi 3,000 liliongozwa na watu kumi au kumi na wawili, mpishi na gari lake la chakula, na kijana wa kuangalia farasi. Kwa siku walikwenda kilomita 16 hadi 24, na si zaidi, kwa sababu ng'ombe lazima ale njiani afike akiwa mnono. Mfugaji yeyote wa kwetu aliyewahi kupeleka ng'ombe mnadani kwa miguu anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Wazoefu wawili walikaa mbele, wengine ubavuni, na wageni wakawekwa nyuma kabisa, kwenye vumbi, kusukuma vilema na wavivu. Kile kitambaa cha shingoni ni cha mtu wa nyuma, afunike pua. Suruali ya ngozi ya juu ni kwa ajili ya miiba. Kisigino kirefu cha buti huzuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, maana farasi akikutupa na mguu umenasa atakuburuta hadi ufe. Wengi walikufa hivyo, au walizama wakivusha ng'ombe mitoni, au walipigwa na radi kwenye uwanda usio na mti. Kwa risasi, wachache mno.

Kilichoogopwa zaidi ni usiku. Ng'ombe 2,000 wamelala, mbali na maji, kwenye nchi wasiyoijua, na yeyote kati yao anaweza kushtushwa na tawi lililovunjika, na akisimama wamesimama wote. Kundi likitimka hakuna wa kulizuia; unakimbiza farasi gizani hadi ubavu wa wale wa mbele na kuwapindisha kidogo kidogo mpaka kundi lijizungushe lenyewe na kuchoka. Kwa hiyo watu wawili walikesha kwa zamu za saa mbili, wakilizunguka kundi polepole, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, wakipishana. Na waliimba.

Waliimba kwa sababu za kikazi kabisa. E. C. Abbott, aliyepita njia hizo tangu ujana, alisema kwamba wimbo uliwatuliza, pengine kwa kuwa sauti waliyoizoea iliwafanya wasishtuke kwa sauti nyingine. Mimi naongeza la kitaalamu: ng'ombe anaogopa zaidi kitu kinachotokea ghafla karibu naye kuliko kitu chenye kelele. Mtu anayeimba anajitangaza akiwa bado mbali. Basi tuni zilikuwa za mwendo wa farasi anayetembea, nyingi zikiwa tenzi za kanisani, na maneno yalipokwisha wakatunga mengine, ya matusi wakipenda, maana ng'ombe hajali. Gita gizani juu ya farasi ni la filamu tu. Kwenye zamu ya usiku ni koo peke yake.

Mwaka 1910 John Lomax, Mtexas, alitoa mkusanyiko wa nyimbo hizo. Ule maarufu kuliko zote, "Home on the Range", unaosifu makazi ya nyikani wanakocheza paa, ulianzia kwenye shairi la daktari wa Kansas, Brewster Higley, miaka ya 1870. Lakini tuni iliyosambaa duniani Lomax aliipata San Antonio kwa Mwamerika Mweusi mwenye baa, aliyekuwa mpishi wa misafara ya ng'ombe. Kansas iliufanya wimbo wa jimbo mwaka 1947. Mpishi hakuna anayemtaja kwenye sherehe.

Baadaye redio na filamu za miaka ya 1930 ziliuchukua muziki huu, zikauvisha shati la nakshi, na hatimaye umeme na fidla za mjini zikauchanganya na kantri. Jim Reeves mwenyewe alizaliwa Texas, ila kabla ya kuimba alikuwa mchezaji wa besiboli. Nilipomwambia baba alisema sauti haichungi ng'ombe.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika muziki huu ilitokea huku kwetu. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, zilifika nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni za wageni. Watu wakaisikia ile sauti inayoruka juu ghafla na kushuka, wakajiuliza ni kiumbe gani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kwa kinubi wimbo wa Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa ulimi wa kwetu, nusu mtu nusu paa, wakimwita aje acheze. Isikilize siku moja. Mtu aliyeimba kama mchunga ng'ombe aliwafikia wachunga ng'ombe wa kweli, nao wakamkaribisha kama mnyama wa porini.

Farasi nimewaacha makusudi, maana hapo ndipo nina wivu. Mchungaji wetu anatembea kwa miguu, na wengi hudhani ni umaskini. Ni maradhi. Mbung'o huleta nagana, na visubi huleta ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao pundamilia huubeba bila kuumwa. Punda humudu, farasi hufa. Nyanda zetu zingemfaa kauboi kwa kila kitu isipokuwa hicho anachokalia.

Tandiko kwa kawaida lilikuwa la kauboi, farasi wa bosi. Kila mtu alipewa farasi kadhaa akawa anabadilisha, na mmoja alitengwa kwa usiku: mtulivu, mwenye macho mazuri, asiyejikwaa. Kupata farasi hao kulikuwa na ukatili. Farasi mwitu wa miaka minne hivi alikamatwa kwa kitanzi, akafunikwa macho, akatandikwa, na mtaalamu akampanda mpaka mnyama akate tamaa. Malipo yalikuwa kwa kichwa, dola 5 hivi, kwa hiyo haraka ilikuwa ndiyo faida. Wengi wa farasi hao walibaki wakirusha mateke kila asubuhi maisha yao yote. Burudani ya leo ya rodeo, ya kushindana kukaa juu ya farasi anayerusha mateke, imetokana na kazi iliyofanywa vibaya, nami sitabadilisha kauli.

Pembeni kulikuwa na shule nyingine, ya Wameksiko wa California. Wao walianza na hatamu isiyo na lijamu, kitanzi cha ngozi iliyosukwa kinachokaa juu ya pua, na chuma hakikuingia mdomoni mpaka baada ya miaka. Katika karne ya 20, ndugu wawili wa Oregon, Bill na Tom Dorrance, wakakuza fikra iliyokaribiana na hiyo, akaifuata Ray Hunt, na leo Buck Brannaman anazunguka akiifundisha. Msingi wake ni huu: farasi ni mnyama anayewindwa, na anachotafuta siku nzima ni usalama. Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Ukivuta hatamu, unamsumbua kidogo. Anajaribu hili, anajaribu lile. Mara anapojaribu lile unalolitaka, hata kwa kusogeza uzito tu, unalegeza papo hapo. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa sekunde mbili umemfundisha kingine.

Nimelijaribu kwa maksai wa kulimia wa jirani, ambao huku hufundishwa kwa fimbo na makelele. Ni jambo la kuchosha, kwa sababu linakudai wewe uwe makini kuliko mnyama, na jirani alisimama akicheka muda wote. Lakini maksai wale husimama sasa wakiambiwa simama, na hilo kijijini kwetu si dogo.

Enzi ya misafara haikudumu hata miaka thelathini. Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, na kufikia miaka ya 1880 njia zikawa zimezibwa. Majira ya baridi ya 1886 na 1887 yakamaliza kilichobaki: kule Montana na Dakota theluji ilifunika malisho yaliyokwisha kuliwa kupita kiasi, na ranchi nyingine zikapoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe. Mwenye mali mmoja alitaka kujua kundi lake likoje. Charles Russell, kauboi aliyekuwa akichora, akampelekea picha ndogo ya ng'ombe mmoja mifupa mitupu, miguu ndani ya theluji, mbwa mwitu wakingoja. Barua haikuhitajika. Baada ya hapo ranchi zilianza kukata nyasi za akiba, na kauboi akashuka farasi kurekebisha ua.

Filamu hutaja seng'enge na theluji. Aliyezifunga njia kabla ya hivyo vyote kumaliza kazi hawamtaji, naye ni kupe. Ng'ombe wa Texas walipita Kansas wakiwa wazima kabisa, na wiki kadhaa baadaye ng'ombe wa wenyeji wakaanza kukojoa damu na kufa. Wakulima hawakujua sababu ila walijua nani alipita, wakasimama mipakani na bunduki. Sheria za karantini zikasukuma njia magharibi mwaka hadi mwaka, na mwaka 1885 Kansas ikafunga mlango kwa ng'ombe wa Texas karibu mwaka mzima.

Ukimweleza hayo mfugaji wa Narok atakujibu kabla hujamaliza. Ndama wa Texas aliumwa na kupe akiwa mdogo, akapata kinga, akakua akiwabeba. Kaskazini baridi iliua kupe kila mwaka, hivyo ng'ombe wa huko hawakuwa na kinga yoyote. Kilichowachanganya watu ni ule muda wa wiki kadhaa. Mwaka 1893 watafiti wawili, Theobald Smith na F. L. Kilborne, walionyesha kwamba kupe jike hudondoka, hutaga, na ni watoto wake wanaozaliwa tayari na vimelea ndio wanaowaambukiza ng'ombe wengine. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Ronald Ross kuonyesha vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Mwaka 1906 serikali ikaanza kuogesha ng'ombe wa kusini yote. Na hapa nilicheka peke yangu ofisini, kwa sababu wafugaji wa kule walikataa, wengine wakayalipua majosho kwa baruti. Huku kwetu tatizo ni ada ya josho na dawa iliyochakachuliwa, baruti bado. Kufikia 1943 kupe yule alikuwa ameondolewa nchi nzima, isipokuwa ukanda mwembamba kando ya mto Rio Grande. Wenzangu hupenda kuniuliza kwa nini wao waliweza na sisi tumeshindwa na ndigana, ugonjwa wetu wa kupe. Kupe wao humaliza maisha yake yote juu ya mnyama mmoja, kwa hiyo ukimwogesha ng'ombe kila baada ya wiki mbili huna wa kukukwepa. Kupe wetu wa masikio, yule wa kahawia, hupanda wanyama watatu maishani mwake, akidondoka baada ya kila mmoja, na wakati wewe unaogesha, yeye yuko majanini akingoja.

Ukanda wa Rio Grande bado unalindwa, na unalindwa na watu wa wizara ya kilimo waliopanda farasi, kwa kuwa vichaka vile havipitiki kwa gari. Hutafuta ng'ombe waliovuka mto kutoka Meksiko, huwakamata kwa kamba, na kuwakagua kwa vidole, nyuma ya masikio, kifuani, chini ya mkia, kama nifanyavyo mimi. Shida yao siku hizi ni nilgai, swala wa India aliyeletwa kwenye ranchi ya King karne iliyopita kwa ajili ya uwindaji. Anambeba kupe yuleyule, anatembea mbali, na huwezi kumpeleka joshoni.